Sanduku la maoni liko tupu, nifanyeje?

SAFU YA KAZINI: MAJIBU KWA WASOMAJI

Barua za mwezi huu zimetoka kiwandani, hospitalini, kwenye sacco na kwenye shirika lisilo la kiserikali, na zote zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: mbona mahali pangu pa kazi panaimba ubunifu na hakuna kinachobadilika? Mimi nimekulia mashineni, nikawa msimamizi wa zamu, na siku hizi nakwenda kwa wanaoniita kutazama kazi zao zinavyokwenda. Ninachojibu hapa kinatoka huko.

*

Mama, salaam. Mimi ni meneja wa kiwanda kidogo cha kusindika vyakula mkoani Morogoro, tuna wafanyakazi wapatao 60. Bodi ilitaka tuwe kampuni ya ubunifu. Tukatengeneza sanduku la maoni, la mbao safi na kioo mbele, tukaliweka mlangoni pa kantini na kutangaza zawadi ya shilingi laki mbili kwa wazo bora la mwezi. Mwanzoni tulipata karatasi chache, nyingi zinalalamikia choo na nauli. Sasa miezi inapita halina kitu. Nimeanza kuamini watu wangu hawana ubunifu. Niongeze zawadi, au niajiri vijana wapya waliosoma?
— Meneja, Morogoro

Ndugu Meneja, kabla ya zawadi na kabla ya vijana wapya, niambie kwanza: choo kilitengenezwa?

Nauliza kwa sababu hapo ndipo sanduku lako lilipofungwa. Waliokuandikia habari za choo walikuwa wanakupima. Mfanyakazi hakupi wazo lake zito siku ya kwanza. Anakupa dogo, la wazi, ambalo huwezi kulibishia, kisha anakaa pembeni kutazama utafanya nini. Wiki ikipita, mwezi ukipita, choo ni kilekile, na hakuna hata mtu aliyesimama kantini kusema "tumesoma karatasi zenu, fundi anakuja Jumatano," basi ameshapata jibu. Lile la mashine atabaki nalo.

Na analo. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja cha kufungasha unga. Pakiti za kilo mbili zilikuwa zikitoka kwenye mashine ya kufunga midomo zinalala upande, zinabanana kwenye mkanda, na zikibanana laini nzima inasimama. Lakini zamu moja ya usiku ilikuwa haina tatizo hilo. Nikaenda usiku. Nikamkuta mama mmoja kibarua amekata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, urefu wa kiganja, amekifunga kwa waya kwenye ukingo wa mkanda pale unapokata kona. Pakiti ikifika inagusa ule mpira, inasukumwa kidogo, inasimama wima, inapita. Alfajiri zamu ikiisha anaufungua, anaukunja, anautia kwenye mkoba wake. Nikamuuliza kwa nini hauachi pale uwasaidie wa mchana. Akasema aliwahi kuuacha, fundi mkuu akaukuta, akaung'oa, akauliza kwa ukali ni nani kaweka uchafu kwenye mashine ya watu. Wakati huo wakubwa walikuwa wanatafuta fedha za kuagiza mkanda mpya kutoka nje, na dawa ya tatizo lao ilikuwa inaingia na kutoka getini kila siku ndani ya mkoba wa kibarua.

Usidhani ni sisi tu. Huko Fremont, California, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari kilichojulikana kwa ubaya wake. Utoro ulifikia mtu mmoja kati ya watano. Watu walilewa kazini. Wapo waliotia chupa ya soda ndani ya mlango wa gari kabla haujafungwa, ili mnunuzi asikie kitu kinagonga na asijue ni nini. Kanuni kuu ya pale ilikuwa moja: laini haisimami. Gari likipita na kasoro lipite tu, litarekebishwa mwishoni. GM wakachoka, mwaka 1982 wakakifunga.

Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia wa GM na Toyota, kikaitwa NUMMI. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, ndugu yangu, kwa sababu ndilo swali lako la vijana wapya. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale wa zamani, na chama chao kilekile cha wafanyakazi, UAW. Wakapelekwa kwa makundi Japani, wakafanya kazi bega kwa bega na Wajapani, wakarudi. Juu ya laini ikawekwa kamba ambayo mfanyakazi yeyote aliweza kuivuta akiona kasoro. Akivuta, kiongozi wa kikundi chake anakuja mbio, na neno la kwanza ni kuuliza tatizo liko wapi na amsaidieje. Likishindikana kwa muda mfupi, laini inasimama. Mtu aliyezoea kufokewa kwa kusimamisha kazi sasa anashukuriwa. Ndani ya miaka michache magari ya Fremont yalikuwa yanakaribiana kwa ubora na yale yanayotengenezwa Japani kwenyewe. Watu hawakubadilishwa. Kilichobadilika ni kile kinachotokea dakika moja baada ya mtu kusema "hapa pana kasoro."

GM yenyewe ilichukua miaka mingi kuyafikisha hayo kwenye viwanda vyake vingine, ingawa kiwanda kilikuwa chake nusu na mameneja wake walikuwa mle ndani wanaona kila kitu. Kamba inanunulika dukani. Kumzoesha msimamizi aje kwa upole inapovutwa, hiyo ndiyo kazi ngumu, na inaanzia kwako.

Sasa kuhusu sanduku. Toyota wana utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi tangu mwaka 1951, na hawakuubuni wao. Eiji Toyoda alikwenda Marekani mwaka 1950, akaona Ford wakifanya jambo la namna hiyo, wakalichukua. Tofauti iko kwenye njia. Wazo dogo halisafiri hadi bodini likangoje kikao. Linaishia kwa msimamizi wa karibu, ambaye kulijibu na kusaidia lijaribiwe ni sehemu ya kazi yake, na malipo yake ni kiasi kidogo tu. Mengi sana hutekelezwa, kwa sababu mengi sana ni madogo.

Kwa hiyo zawadi ya laki mbili iondoe. Mmoja akiipata, waliobaki wameikosa, na mwezi unaofuata watu watafichana mawazo au watagombana nani alianza kusema. Fedha hiyohiyo igawe kwa wasimamizi wa zamu, kila mmoja awe na kiasi kidogo mkononi cha kununua bawaba, balbu, rangi au mpira wa baiskeli bila kutafuta saini tatu. Sanduku litoe pale mlangoni, weka ubao mkubwa mahali pa wazi, uandikwe jambo lililosemwa, nani analishughulikia, limefikia wapi. Jibu likiwa hapana, iandikwe hapana na sababu yake. Watu wazima wanaweza kuibeba hapana yenye sababu. Wajibiwe ndani ya wiki moja. Hiyo wiki ishikilie kama unavyoshikilia siku ya mishahara.

Na mstari wa kwanza wa ubao uwe choo.

*

Mama, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, bado mgeni kiasi kazini. Naona mambo mengi yanayoweza kwenda vizuri zaidi, lakini daktari bingwa akiingia hakuna anayefungua mdomo. Nilipendekeza tupange vifaa kwa namna nyingine nikaambiwa, "Wewe umekuja juzi." Ukutani hospitali imeweka bango linalosema ubunifu ni utamaduni wetu. Ninyamaze tu?
— Muuguzi, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Usinyamaze. Ila chagua mahali pa kusemea.

Hao wanaokuambia umekuja juzi, wakumbushe taratibu kwamba wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jicho la mgeni linaona alichozoea mwenyeji. Baada ya miaka michache na wewe hutaona tena, kwa hiyo yaandike sasa kwenye daftari lako, hata yale ambayo hutayasema leo.

Halafu uwe na mfano huu mkononi, kwa sababu ni wa kazi yako na sehemu yake ni ya hapahapa Tanzania. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane: London, Seattle, Toronto, Auckland, Manila, New Delhi, Amman, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu. Ni karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikisha kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Huyu ni nani, tunapasua upande gani, dawa ya kuzuia maambukizi imeshatolewa, pamba na vifaa vimehesabiwa. Matokeo yalitangazwa Januari 2009: kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Jambo ninalotaka ulione ni moja kati ya yale 19. Kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani anajitaja jina na kazi yake. Daktari bingwa, wa usingizi, muuguzi, wote. Linaonekana dogo mno. Lakini mtu aliyekwisha kusikika akitaja jina lake ni rahisi zaidi kusema dakika 20 baadaye, "Daktari, naona pamba moja imepungua." Aliyeingia kimya atatoka kimya.

Bango la ukutani haliwezi kufanya kazi hiyo. Ubunifu wa hospitali unaanza pale muuguzi anapoweza kusema jambo la kawaida bila moyo kumwenda mbio.

Profesa Amy Edmondson wa Marekani alichunguza timu za wauguzi na madaktari miaka ya 1990, akitarajia kukuta kwamba timu nzuri zinafanya makosa machache ya dawa. Takwimu zikaja kinyume: timu zilizokuwa nzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipofuatilia akaona kwamba hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa zinasema. Kwenye timu nyingine makosa yalikuwapo, yamefunikwa. Matroni wako akikuambia wodi yake haina tatizo lolote, muulize kwa heshima mara ya mwisho mtu kuripoti tatizo ilikuwa lini.

Sasa ufanyeje. Usimsahihishe daktari mbele ya mgonjwa wala mbele ya wanafunzi, isipokuwa kuna hatari, na pakiwa na hatari sema hapohapo bila kumtazama mtu usoni: "Naomba tusimame kidogo, hesabu haijatimia." Hilo la mpangilio wa vifaa lipeleke kwa msimamizi wako wa chumba, na usiombe mabadiliko, omba majaribio. "Naomba Jumanne moja, meza moja, nipange hivi, tuone kama vifaa vitatafutwa mara chache zaidi." Mkubwa anayeogopa mageuzi mara nyingi hana sababu ya kuikataa Jumanne moja. Mwambie mwenzako ahesabu ni mara ngapi mtu ametoka kwenda kufuata kifaa, siku ya kawaida na siku ya majaribio. Karatasi yenye hesabu mbili itakuombea kuliko maneno yako yote.

Ikikataliwa, subiri kidogo uombe tena kwa namna nyingine. Na ukiwa mkubwa siku moja, mwanangu, usije ukamwambia mtu amekuja juzi.

*

Habari Mama. Mimi ni afisa wa mikopo kwenye sacco moja Nakuru. Tulianzisha huduma ya simu ili wanachama walipe marejesho ya mikopo. Wengi wanaitumia vingine: wanatuma kidogo kidogo zaidi ya wanachodaiwa, halafu Januari wanaomba kurudishiwa ziada walipe karo. Mkubwa wangu anasema huo ni utumizi mbaya wa mfumo na anataka uzuiwe. Mimi naona tunafunga mlango ambao wateja wenyewe wametufungulia. Nimshawishi vipi?
— Afisa, Nakuru

Mwanangu, mwambie asizuie bado, na umkumbushe historia iliyotokea nchini mwenu kwenyewe.

M-Pesa haikuanzishwa kwa kazi tunayoijua. Nick Hughes wa Vodafone alipata fedha za ruzuku kutoka idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza kwa wazo la kusaidia mikopo midogo: mkopaji apokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu. Susie Lonie akaja Kenya kuusimamia mradi. Majaribio yakaanza Oktoba 2005 Nairobi na Thika, wakishirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu, kwa wateja takriban 500. Kwenye karatasi kila kitu kilihusu marejesho, sawasawa na mpango wenu.

Wateja wakafanya yao. Mmoja anaweka pesa kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa akifika, asisafiri na noti mfukoni. Mwingine anatuma kwa jamaa. Wafanyabiashara wanalipana. Upande wa mikopo nao ulikuwa mzito kwa sababu mfumo wa simu ulibidi uoane na vitabu vya taasisi, na vikundi vilivyozoea kukutana kila wiki vikaona sababu ya kukutana inapungua. Wale waliokuwa wakisimamia wangeweza kuandika ripoti kwamba wateja hawafuati maelekezo. Waliyaangalia matumizi yale wakaona ndiyo haja yenyewe. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa pembeni na tangazo lilihusu kutuma pesa nyumbani, basi. Mwaka uliofuata ikavuka mpaka kuja kwetu Tanzania.

Mimi huwa nasema, mpango kazi ni kama ramani iliyochorwa kabla mvua haijanyesha; mto ukihama, anayetembea anafuata mto. Mkubwa wako anaulinda mpango kwa sababu ameutia saini na ataulizwa. Usimfanye mpinzani wako, mpunguzie woga huo.

Chukua wanachama wachache wanaofanya hivyo, kaa nao, waulize kwa nini hawaweki hiyo pesa kwingine. Nabashiri utasikia kwamba nyumbani pesa haikai, na benki iko mbali au ina makato. Mwalike mkubwa wako akae nawe kaunta asubuhi moja ya mapema Januari, wakati wazazi wamepanga foleni na barua za karo mkononi. Asihutubiwe, asikilize. Kisha mpe pendekezo lenye jina na kikomo: akaunti ya akiba ya karo, kwa majaribio, tawi moja, hadi Januari ijayo.

Jambo moja lazima mlitazame kwanza. Pesa ya ziada ya mwanachama iliyokaa kwenu ni amana, hata kama hamkuipa jina hilo. Kama leseni yenu hairuhusu kupokea amana za kuwekwa na kutolewa, nendeni SASRA, mamlaka inayosimamia sacco huko kwenu Kenya, mkaulize kabla ya kutangaza chochote. Hapo mkubwa wako ana hoja, na ukiikubali mapema na wewe atakusikiliza kwenye mengine.

*

Mama, shirika letu limetenga fedha za semina ya ubunifu ya siku tatu Bagamoyo, na mfadhili anataka matokeo yaonekane ndani ya robo mwaka. Inawezekana?
— Mratibu wa Miradi, Dodoma

Inategemea mnayaita nini matokeo. Ile gundi dhaifu iliyokuja kutumika kwenye karatasi ndogo za kubandika mezani, Spencer Silver aliipata mwaka 1968 akiwa kampuni ya 3M, akitafuta gundi kali. Haikuwa na kazi. Aliendelea kuwasimulia wenzake hadi Art Fry, mwaka 1974, akaona inaweza kushikilia alama kwenye kitabu chake cha nyimbo cha kwaya. Karatasi zenyewe ziliingia sokoni kote Marekani mwaka 1980. Hesabu robo mwaka ngapi hizo. Iliwezekana kwa sababu kampuni ile ilikuwa imezoea kuwaachia wataalamu wake sehemu ya muda wa kazi kwa mambo yao wenyewe, na hakuna aliyemfukuza Silver kwa kung'ang'ania gundi isiyogandisha.

Mwambie mfadhili ukweli huo kwa maandishi. Ndani ya robo mwaka anaweza kuona mambo madogo matatu au manne yaliyojaribiwa na lililoshindwa likiwa limeelezwa vizuri. Msimwahidi zaidi ya hapo.

Bagamoyo nendeni siku moja. Fedha za siku mbili zilizobaki zitumieni kulipia nauli za maafisa wa mikoani waje na mambo yanayowakwamisha, wakiwa wameyaandika kabla ya kufika, na mkurugenzi aje na mamlaka ya kuamua palepale angalau matatu. Na madereva wasibaki nje kwenye magari. Waingizeni ukumbini, wapewe kiti na zamu ya kusema, kwa sababu wao ndio wanaofika vijijini kila wiki na kukaa na wanakijiji saa nzima wakati ninyi mko kwenye kikao na mwenyekiti.